Ardhi ya Wote Isilimwe kwa Amri

Wajukuu zangu wa Kamanyola,

Nimesikia mnataka kulima kile kiwanja kilichoachwa nyuma ya soko, pamoja na vipande vya ardhi vilivyobaki kando ya shule na kituo cha afya, ili mboga ziote pale ambapo leo kuna mifuko ya plastiki na maji yaliyotuama. Habari hiyo imenifurahisha sana. Kwa miaka mingi nimewaona vijana wa mji huu wakikaa kando ya barabara ya Bukavu na Uvira tangu asubuhi, wakingoja lori lisimame wauze karanga au wabebe mzigo, huku mama zao wakinunua nyanya zilizovuka mpaka kutoka Bugarama. Udongo tunao, na mikono mnayo. Lakini bustani ya wote ni jambo gumu kuliko shamba la mtu mmoja, na ugumu wake hauko kwenye udongo. Ndiyo sababu nimetaka kuwaandikia kabla hamjainua tuta la kwanza.

Jueni kwanza kwamba si nyinyi mnaoanza kulima kwa pamoja katika uwanda huu wa Ruzizi. Babu zenu walilima pamoja, ila kwa amri. Mwaka 1933 serikali ya Wabelgiji iliagiza kwamba kila mwanamume mzima wa kijijini atoe siku 60 kwa mwaka kwa kazi za lazima, kilimo kikiwemo. Mwaka 1942, Ulaya ikiwa vitani, siku hizo zikapandishwa hadi 120. Hapa uwandani amri hiyo ilikuja na sura ya pamba. Pamba ilipewa udongo mzuri na siku nzuri za mvua. Muhogo na maharagwe, yaani chakula cha nyumbani, vikapata masalio. Asiyelima aliadhibiwa. Niliwakuta wazee ambao hata walipozeeka sana hawakupenda kuliona ua la pamba, na sikuwahi kuwalaumu.

Kisha, katika miaka ya 1970, tukapata salongo ya Mobutu. Hiyo nimeifanya mwenyewe, nikiwa msichana. Siku ya salongo kila mtu alitoka na jembe au panga lake, mkuu wa mtaa akasoma majina, asiyeitika akatozwa faini. Tulifyeka kando ya barabara, tukachimba mitaro, tukalima hata mahali ambapo hatukujua mavuno yanaenda wapi. Kazi zenyewe hazikuwa za bure, mitaro tuliihitaji. Kilichoziua ni kwamba aliyetoa jasho hakuwa na neno. Hakuulizwa nini kipandwe wala kama siku ile inamfaa, na mavuno yalipofika hakuambiwa yamegawanywaje. Mkuu akisafiri, nyasi zilirudi. Mpaka leo salongo ikitangazwa, watu wanakumbuka ghafla kwamba wana msiba mahali.

Nawaambia haya kwa sababu najua kitakachowajia. Mtu mwenye cheo atapita, ataona mnalima, atapenda, na atataka kuwasaidia kwa kuamuru. Atasema kila nyumba itoe mtu mmoja kila Jumamosi. Mkatalieni kwa adabu, lakini mkatalieni. Mwambieni: mzee, asante, tuachie sisi tukubaliane na jirani zetu. Bustani ikiwa na watu tisa waliokuja wenyewe itadumu kuliko yenye watu mia waliosomewa majina. Wale tisa wataleta wengine pale mboga zitakapoonekana.

Na nyinyi wenyewe msije mkawa hao wakuu. Nimeona vikundi vingi vya vijana hapa kwetu. Siku ya kwanza vinachagua rais, makamu wa rais, katibu, mshauri wa rais, mhasibu na makamu wa mhasibu, vinatengeneza muhuri, siku ya pili vinaandika barua ya kuomba msaada, jembe bado halijanunuliwa. Nataka mfanye kinyume. Nendeni kwanza kwa mama wanaouza mboga sokoni, wale wanaokaa chini na lengalenga kwenye sahani ya plastiki. Wao wanajua mwezi gani lengalenga hukosekana, mboga gani hurudi nyumbani ikiwa imenyauka kwa kukosa mnunuzi, na maji ya kisima kipi yanakauka Julai. Waulizeni, halafu wakae nanyi katika uamuzi, wasibaki kuitwa siku ya kupalilia tu. Kama mkutano wenu wa kwanza una vijana wa kiume peke yao, uahirisheni.

Mtaniuliza, je, tukatae msaada wote? Hapana. Msaada unahitajika, na anayesema jamii ijitegemee bila kupewa hata ndoo hajawahi kubeba maji wakati wa kiangazi cha uwandani. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fanyeni hivyo na kila shirika litakalokuja, na kila parokia, na kila ndugu yenu aliye Ulaya au Marekani atakayetuma dola. Mpokeeni vizuri, kisha mwonyesheni kazi yake. Kazi ya msaidizi ni mambo ambayo nyinyi hamwezi kuyafikia: bomba la maji na vipuri vyake, ndoo za kumwagilia, fundi wa kuwafundisha kutengeneza pampu ikivunjika, na mtu anayejua njia za ofisi ili mpate karatasi. Si kazi yake kuchagua mboga wala kuweka bango lenye jina lake kubwa kuliko bustani. Katika Kivu hii tumeona mabango mengi yakisimama juu ya magugu. Mara nyingi ilikuwa hivi: pampu iliharibika kifaa kimoja kidogo, mradi ulikuwa umekwisha, hakuna aliyekuwa amefundishwa kuifungua, na watu wakarudi mtoni na vidumu vyao. Kwa hiyo msaidizi akija mwulizeni mapema: siku ukiondoka, nani kati yetu atakuwa anajua unachokijua wewe? Akiwa na jibu, mkaribisheni.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapo ndipo bustani nyingi duniani zimefia.

Kamanyola iko katika usultani wa Ngweshe, na katika Bushi, yaani nchi ya Washi, ardhi ina desturi zake. Kuna kalinzi: mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mwakilishi wake, mbele ya mashahidi, akapata ardhi ambayo wanawe watairithi. Na kuna bwasa: mtu anaazimwa kipande kwa muda, analipa kidogo au anatoa siku za kazi, na haruhusiwi kupanda migomba wala miti, kwa kuwa mti ni dalili ya mwenye mali. Juu ya desturi hizo serikali ikaweka sheria yake ya 20 Julai 1973, iliyosema ardhi yote ya Kongo ni mali ya taifa. Hivyo kipande kimoja cha hapa kwetu kinaweza kuwa na mwami wake, serikali yake, na mtu anayesema baba yake alikilima. Kiwanja cha soko au cha shule hakiwezi kuwa kalinzi yenu. Ni cha wote, na mkikiita chenu mmeshakuwa wezi. Lakini msikubali pia bwasa ya mdomo, ambayo mtu anaweza kuamka asubuhi na kuifuta. Ombeni makubaliano ya maandishi ya kutumia ardhi hiyo kwa miaka inayotajwa, yakisema mipaka iko wapi, maji yanatoka wapi, na mkitakiwa kuondoka mtapewa muda wa kuvuna kilichopandwa.

Na karatasi hiyo isiwe na muhuri wa mtu mmoja. Mmeona wenyewe: mwaka 2025 vita vilishuka kutoka Bukavu hadi kwetu, na mwishoni mwa mwaka vikafika Uvira. Ofisi zilifungwa, wakubwa walihama, wengine wakaja. Karatasi yenye sahihi moja huanguka pamoja na aliyeitia. Itieni sahihi za mkuu wa groupement, mwalimu mkuu, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, parokia na makanisa mengine, wawakilishi wa soko na wa nyumba zinazopakana na kiwanja. Nakala moja ikae kwa mama mmoja wa soko, nyingine parokiani, nyingine shuleni. Wazee wetu walipotoa kalinzi waliita mashahidi wengi kwa sababu hiyo hiyo: watu hawachomeki wote pamoja kama faili.

Msidhani nawatisha bure. Kule New York, mwaka 1973, mwanamke mmoja aitwaye Liz Christy na wenzake walisafisha kiwanja kilichojaa takataka kwenye kona ya mtaa wa Bowery na Houston, wakaleta udongo, wakapanda. Mwaka uliofuata jiji liliwakodisha kwa dola moja kwa mwezi. Mamia ya bustani kama hiyo zikafuata katika jiji lile. Wenyeji walizimwagilia zaidi ya miaka ishirini, watoto wakakua ndani yake. Mwaka 1999 meya Rudolph Giuliani akaamua kuuza kwa mnada bustani 114, kwa sababu kwenye vitabu vya jiji vilikuwa viwanja vitupu tu. Watu waliandamana, wakaenda mahakamani, na ziliokoka pale mashirika mawili yalipozinunua kwa mamilioni ya dola. Sisi Kamanyola hatuna wa kutununulia. Kwa hiyo tuwe na karatasi mapema.

Na nchini kwetu upo mfano mzuri, ambao unanipa moyo zaidi ya ule wa New York. Kuanzia mwaka 2000, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa fedha za Ubelgiji, lilisimama na wakulima wa mboga wa miji mitano: Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Likasi na Mbanza-Ngungu. Hawakugawa mbegu tu. Walisaidia bustani zenye ukubwa wa hekta 1,600, zilizokuwa zikilimwa na watu wapatao 20,000, zitambuliwe rasmi, ili mkulima ajue kwamba kesho hatafukuzwa. Wakakaa mezani pamoja na wakuu wa miji na wakulima wenyewe. Mboga za miji hiyo zikapanda kutoka tani 148,000 katika msimu wa 2005 na 2006 hadi tani 330,000 kwa mwaka. Mtu asiyeogopa kufukuzwa huweka mbolea ardhini. Anayeogopa huvuna haraka, akaacha udongo ukiwa maskini. Hilo nimeliona hata hapa uwandani kwa wapangaji wa mashamba ya mpunga.

Lipo jambo jingine kuhusu ardhi ya wote, na hili nalisema kwa uchungu. Bukavu ilipokuwa inakua, nafasi za wazi zilikatwakatwa: penye bustani ya jiji pakajengwa duka, penye mteremko uliopaswa kubaki na miti pakajengwa nyumba, mvua zikaja zikachukua nyumba na watu. Kamanyola nayo inakua, na wenye fedha wameshaanza kuzunguka viwanja vilivyo wazi. Wangari Maathai wa Kenya, mwaka 1989, alisimama mbele ya serikali yake iliyotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa bungeni, akaitwa kila jina baya, lakini jengo halikujengwa, na leo watu wa Nairobi wasio na fedha bado wana mahali pa kulala kwenye nyasi siku ya Jumapili. Bustani yenye watu ndani yake kila asubuhi ni ngumu kuibiwa kuliko kiwanja chenye takataka. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya mimi kuwaunga mkono.

Lakini bustani yenyewe inaweza kuwa mlango wa wizi. Inaanza hivi: mwenye zamu ya kulinda anaomba kibanda cha mbao ili asinyeshewe. Kibanda kinapata bati. Bati linapata duka la vocha na sabuni. Duka linapata ukuta wa matofali, na mwenye duka anasema amekuwa hapa miaka mitano. Basi wekeni sharti moja ambalo halina msamaha: ndani ya bustani ya wote hakuna tofali, la kuchoma wala la udongo, hata kama anayelileta ni kaka wa mwenyekiti.

Na si kila mahali pa wazi palimwe. Uwanja wa mpira msiuguse. Najua ni mpana na unapata maji ya mvua, najua mmeshaupima kwa macho. Watoto wa hapa wameona mambo mengi mno, waacheni wakimbie. Msizibe pia njia ya ng'ombe kuelekea majini. Katika uwanda huu ugomvi wa mkulima na mfugaji umeua watu, na mara nyingi ulianza na tuta moja lililosogezwa hatua chache. Na njia ya akina mama kwenda kuchota maji iachwe pana, isipite kati ya mimea mirefu, kwa sababu mnazozijua.

Kuhusu mahali pa kupanda, angalieni Uvira. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani na mawe, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Milima ya juu ilikuwa imevuliwa miti, na chini watu walikuwa wamejenga na kulima hadi ndani ya kitanda cha mto. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda katika miaka hiyo, likapanda tena mwaka 2024, likaingia mitaani na majumbani. Kwa hiyo ukingo wa Ruzizi na wa vijito vyetu msiulime mboga. Uacheni kwa matete, mianzi na vetiva, mimea yenye mizizi inayoshika udongo, na matete hayo mtayakata kufunika matuta yenu wakati wa jua kali. Huo nao ni ukulima, ingawa hautii kitu kwenye sahani mwaka wa kwanza.

Kando ya barabara kuu msipande mboga za majani zinazogusana na vumbi na moshi wa malori. Pale pandeni ua wa miti, mapapai nyuma yake, mboga zikae ndani. Kwa ua, wengi hupenda minyaa kwa sababu mbuzi hawaili; mimi sitaki ipandwe karibu na shule, utomvu wake ukimwingia mtoto machoni ni hatari.

Maji ndiyo jambo ninaloliogopa zaidi ya wezi na mbuzi. Kuanzia hapa hadi Uvira kipindupindu kimekuwa mwenyeji. Mkimwagilia lengalenga kwa maji ya mtaro uliopita chooni, mtakuwa mmelipeleka gonjwa hadi meza ya jirani yenu, na bustani itafungwa kwa haki. Tumieni maji ya bomba au kisima kilichofunikwa, au maji ya mvua mliyoyakinga. Mwagilieni udongo, si majani, mapema asubuhi na jioni. Samadi mbichi isiguse mboga. Ikae kwenye shimo miezi kadhaa, ichanganywe na majani ya migomba, maganda ya muhogo na mabaki ya soko, igeuzwe, ioze mpaka isinuke. Soko la Kamanyola linatupa kila siku mbolea ambayo mkulima wa mlimani angeililia. Tengeni plastiki tu. Na mboga za kuliwa mbichi, kama nyanya, zisifikie mlaji kabla ya kuoshwa kwa maji safi.

Mtapanda nini, mtaamua nyinyi na wale mama. Neno langu ni moja tu: pandeni kwanza vinavyokomaa haraka. Vita vikiwa karibu, barabara ikifungwa siku mbili bei ya chakula hupanda, mpaka ukifungwa nyanya hazionekani. Lengalenga huvunwa baada ya wiki tatu au nne, na ukikata vizuri huchipua tena. Matembele hupandwa kwa kipande cha mche, hayahitaji mbegu ya kununua. Ngaingai huvumilia jua. Sombe mtapata kwa muhogo wowote mtakaoupanda pembeni, ila michache, muhogo hukaa ardhini muda mrefu na utawamezea nafasi. Mpunga uacheni Kiringye na Luberizi ambako kuna mifereji. Kwa wenye nyumba zisizo na ua, wafundisheni bustani ya gunia: udongo na samadi ndani ya gunia, nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, matundu ubavuni ya kupandia. Maelfu ya familia za Kibera, Nairobi, zilikula kutoka magunia kama hayo baada ya ghasia za uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007. Lengalenga chache ziacheni zitoe maua na mbegu, ili msimu ujao msiende kununua kopo la mbegu lililotoka ng'ambo.

Sitawadanganya kwamba bustani itawatajirisha. Mtu atakayewaambia hivyo ana fomu ya kuwasainisha. Itawapa mboga nyumbani, fedha kidogo ya sabuni na daftari, na itawapa jambo ambalo kijana wa Kamanyola amelikosa muda mrefu, yaani mahali anapotegemewa. Mavuno yagawanyeni kwa kanuni mliyoikubali kabla ya kupanda, si baada. Ningependa sehemu iende kwa waliofanya kazi, sehemu iuzwe kwa ajili ya maji na vifaa, na sehemu ndogo lakini ya kudumu iende kwa wagonjwa waliolazwa kituo cha afya na kwa wazee wasio na mtu. Fedha ziandikwe kwenye daftari linaloweza kusomwa na yeyote, hata asiye mwanachama. Nyinyi mnajua likelemba, ule mchango wa fedha wa kupokezana kwa zamu. Mnajua kwamba haivunjwi na umaskini, huvunjwa na mtu mmoja aliyeficha daftari. Na mtoto akikutwa amechuma nyanya kwa njaa, asiitwe mwizi wala kupigwa. Mpeni ndoo, amwagilie tuta moja, aende na nyanya zake.

Limebaki jambo la nani aingie. Hapa Kamanyola tunaishi Washi, Wafuliiru, Wanyamulenge, Warundi waliokimbia nchi yao, na watu waliotoka vijiji ambavyo sasa havina mtu. Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi hapa hapa mjini kwetu. Mlikuwa wadogo; mimi nilisikia milio. Tangu siku ile nimeamini kwamba mji ambao watu wake hawana hata mahali pamoja pa kuinama pamoja hauna ulinzi, hata ukijaa askari. Kwa hiyo katika kanuni zenu kabila lisiandikwe. Anayeuliza atapewa tuta, awe amezaliwa hapa au amefika juzi na godoro kichwani. Najua wengine watasema mgeni akipewa tuta leo, kesho atadai kiwanja. Wajibuni kwamba hakuna anayemiliki, hata wewe unayeuliza. Karatasi inasema hivyo. Na matuta msiyapange kikabila, Warundi huku na Washi kule. Wapeni majirani wa tuta wasiofahamiana. Watazoeana wakiazimana ndoo.

Bado mna wakati. Mvua zinakuja Septemba. Kiangazi hiki kitumieni kusafisha, kuchimba mashimo ya mbolea na kutafuta sahihi. Anzeni na kiwanja cha nyuma ya soko peke yake, msishike vyote vitatu mara moja. Mbegu za lengalenga ninazo, nimezikausha na kuzihifadhi kwenye majivu, zinatosha matuta yote ya msimu wa kwanza. Mkija kuzichukua, msinitumie watu wawili wenye barua. Njooni na wale mama wa soko, maana nina maswali ya kuwauliza wao kabla yenu.